Waliorithi Kikohozi cha Mzee Chande

Majibu ya mkemia wa serikali yalifika Kigoma Ijumaa asubuhi: kurasa tatu, na mhuri mkubwa kuliko habari yenyewe. Koti la marehemu Chande lilikutwa na jasho la zamani, harufu ya naftalini, vinyesi vya panya na tiketi ya meli iliyokwisha muda wake. Sumu, hakuna. Jini hakuandikwa, maana kipimo chake bado hakijaletwa mkoani.

Sajenti Eufrasia Ruhomvya wa upelelezi aliyasoma mara mbili. Wiki tatu nzima alikuwa amelitegemea koti lile kama mvivu anavyotegemea mvua. Alikuwa bado ameshika ukurasa wa mwisho simu ilipolia. Alikuwa mkuu wake, Afande Gasper.

"Koti limesema nini?"

"Ni safi, afande. Kwa upande wa kesi. Kwa upande wa usafi ni aibu."

"Basi nisikilize. Watu wa Ujiji wamempa yule mjane mpaka leo alasiri. Wakitoka kusali wakamkuta hajahama, wanamtoa wao, na wewe unajua watu wakishaita mtu mchawi wanamtoaje. Saa tisa na nusu nafika pale na gari. Unipe jina la muuaji, au namchukua yeye."

"Kwa ushahidi gani, afande?"

"Wawili wamekufa, wa tatu anahesabu pumzi, na wote walipokea vitu vya marehemu kwa mkono wake. Wewe unataka ushahidi au unataka kadi ya mwaliko?"

Akakata.

Eufrasia alifungua daftari lake kwenye ukurasa uliokwisha kuchakaa kwa kufunguliwa. Mzee Chande, fundi mstaafu wa injini za meli, alifariki mwaka jana nyumbani kwake Ujiji. Siku ya arobaini mjane wake, Bi Saumu, aligawa vitu vyake kama desturi inavyotaka, mbele ya watu. Ashraf, fundi cherehani, alipata koti. Yunisi, mwanika dagaa wa Katonga, alipata blanketi. Shadia, muuza vitumbua, alipata mto. Jirani Hasna alipata godoro. Bonifasi, kaka yake Yunisi na rafiki wa marehemu tangu ujana, alipata kofia ya pama. Baiskeli ilikwenda kwa mpwa wa Katubuka.

Haukupita mwaka, Ashraf alikuwa kaburini. Akafuata Yunisi. Sasa Shadia alikuwa wodini.

Kufa ni kufa, watu wangezika wakaendelea na maisha. Kilichowatoa watu usingizini ni kikohozi. Chande alikuwa na kikohozi chake: kikavu, mara mbili, halafu pumzi ikirudi ndani kwa mluzi mwembamba, kama mtu anayemwita mbwa kwa siri. Miaka miwili mtaa mzima ulikisikia kikitoka dirishani kwake. Walipomzika walidhani wamekizika pamoja naye. Kisha siku ya msiba wa Ashraf, wanawake wakiwa wamekaa mkekani, mtu akakohoa nyuma ya pazia. Mara mbili, na mluzi. Bibi mmoja akakata kilio katikati, akasema, "Chande yumo humu ndani." Aliyekuwa nyuma ya pazia ni Yunisi, na Yunisi ndiye aliyekuwa wa kwanza kukimbia.

Halafu ziko nyuso. Waliomwosha Chande walikuta uso wake una rangi ya risasi, wenye ubuluu puani na mashavuni. Waliapa kunyamaza, na kwa kuwa walikuwa wanne, mji ulijua kabla udongo haujakauka. Uso wa Ashraf ulikuja kuiva rangi ileile. Wa Yunisi pia.

Koti, blanketi, mto. Vitu vya kugusa mwili. Eufrasia alikuwa amejenga kesi yote juu ya vitu vya kugusa mwili, na sasa mkemia alikuwa amempokonya koti. Alichukua bodaboda kwenda Ujiji kuliangalia godoro.

Alimkuta Hasna uani anapasua kuni. Mwanamke wa miaka arobaini, mpana, anapiga shoka huku anaimba, na kati ya shoka na wimbo hakuna kilichokatika.

"Karibu afande! Umekuja kulikamata godoro langu?"

"Nimekuja kulihoji. Bado unalilalia?"

"Mwaka mzima, mimi na wanangu wawili. Chande akirudi atakuta hakuna nafasi."

"Alifia juu yake?"

"Juu yake kabisa. Bi Saumu alitaka kulichoma, mimi nikamwambia pamba haina kosa." Hasna akaweka shoka chini. "Afande, unaniangalia kifua kama mchumba. Vuta basi uone!" Akavuta pumzi ndefu, akaishikilia, akaiachia kwa kicheko. Kifua kilikuwa kama mvukuto wa mhunzi.

Eufrasia alikaa juu ya gogo. Kama kuna kitu kilichomgusa Chande mpaka dakika ya mwisho, ni lile godoro, na watu watatu walikuwa wakilijambia kila usiku bila hata mafua. Nadharia yake ya wiki tatu ilikuwa imekufa, tena bila kukohoa.

"Hasna, wewe na Shadia mmetofautiana nini?"

"Yeye mzuri, mimi mpishi."

"Nauliza kweli."

Hasna akafikiri. "Shadia ana moyo. Unamruka kifuani kama mgebuka aliyetupwa mtumbwini. Unakwenda mbio, unasimama, unakwenda tena. Yunisi alikuwa hivyohivyo, tukimtania tunamwita Bi Ngoma."

"Na Ashraf?"

"Ashraf naye! Alikuwa anaacha suruali yako ina mguu mmoja, ameshika kifua, anasema ngoja upite. Mimi moyo wangu, afande, haujawahi kuniaga wala kunisalimia."

Eufrasia akaandika: *Wanaokohoa wote walikuwa na moyo mbovu kabla ya kukohoa.* Akapigia mstari, akamwita bodaboda wake, akamwambia hospitali.

Dokta Esther, daktari wa wodi ya wanawake, alimpokea kwa picha mbili za eksirei alizokuwa ameziinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Hii ya mwezi uliopita, hii ya jana. Unaona huu weupe? Kama ukungu wa asubuhi juu ya ziwa, na unapanda. Nilidhani nimonia, nikatibu. Nikadhani ni nimonia nyingine, nikatibu tena. TB nimeitafuta kwenye makohozi mpaka TB yenyewe ikachoka. Haipo."

"Kuna dawa inayoweza kufanya hivi?"

"Zipo. Ndiyo maana nimemuuliza mara tano anatumia dawa gani. Hana dawa. Hata panadoli hana."

Shadia alikuwa kitanda cha mwisho, karibu na dirisha linaloangalia ziwa, ameegemezwa mito mitatu kwa sababu akilala chali anazama. Alikuwa na miaka thelathini na mbili. Pua na mashavu vilikuwa vimeanza kuingia rangi ile. Alipoiona sare ya Eufrasia akakohoa. Mara mbili, na mluzi. Mgonjwa wa kitanda cha jirani akajifunika shuka mpaka kichwani.

"Shikamoo afande. Umekuja kunichukua au kuniaga?"

"Marahaba. Nimekuja kupiga soga. Usiku unalala?"

"Silali. Namwogopa." Akageuza macho dirishani, ingawa ilikuwa saa sita mchana na ziwani hapakuwa na kitu zaidi ya jua. "Wavuvi wa dagaa wakishawasha taa zao ndipo anakuja. Kila taa inavaa pete, afande. Pete ya buluu, inaizunguka. Taa alfu moja, na zote zina pete. Mzee Chande aliniambia habari hiyo kabla hajafa. Alikaa kwenye vitumbua vyangu akasema, 'Shadia, taa za ziwani siku hizi zimeolewa, zote zina pete.' Nikacheka. Sasa naziona mimi. Amenipa macho yake. Kifua amekwishanipa. Bado uhai tu, na huo ataufuata."

Dokta Esther, aliyekuwa anaandika kwenye faili, aliinua kalamu.

"Rudia. Pete?"

"Pete, dokta."

"Na Chande alikuwa mgonjwa wa moyo?"

"Wa siku nyingi."

Dokta akaweka faili chini. Alimwita muuguzi, wakamweka Shadia kwenye kiti cha magurudumu, wakampeleka chumba cha macho. Dokta akaegemeza kidevu cha Shadia kwenye darubini, akachungulia kwa muda mrefu, kisha akamwachia Eufrasia nafasi. Juu ya kioo cha jicho la Shadia palikuwa na vistari vya kahawia, vyembamba, vimetawanyika kutoka katikati kama sharubu za paka.

"Jini haachi sharubu," Dokta Esther alimnong'oneza. "Kidonge kinaacha. Huyu anameza kitu. Lakini nikimuuliza anaapa."

Eufrasia alivuta kiti akakaa mbele ya Shadia, magoti kwa magoti. Alikuwa amehoji wezi wa nyavu na wezi wa wake, na alijua kwamba mtu anaweza kuapa bila kusema uongo, ikiwa wewe ndiye uliyeuliza vibaya.

"Shadia, Bi Saumu alikupa mto mbele ya watu. Alikupa nini watu walipoondoka?"

 Mkono wa kulia wa Shadia ukashuka taratibu mpaka kwenye pindo la kanga, ukakaa hapo.

"Ile ni sadaka," akasema. "Sadaka ya siri. Aliniapisha. Mkono wa kulia ukitoa, wa kushoto usijue. Ukitangaza, thawabu ya marehemu inapotea."

"Mkono wa kushoto hautajua. Mimi si mkono, mimi ni polisi."

"Dokta aliniuliza dawa. Mimi dawa sijanunua wala sijaandikiwa. Hii ni haki ya maiti."

Alilifungua fundo kwa meno. Ndani mlikuwa na karatasi ya bati iliyokunjwa, na vidonge vitano vyeupe. Dokta Esther akaigeuza, akasoma mgongoni, akafumba macho kidogo.

"Amiodaroni. Unameza vingapi?"

"Kimoja asubuhi, kimoja jioni. Marehemu alikuwa anameza kimoja, ila yeye alikuwa mwembamba."

"Hata hapa wodini?"

"Hapa ndiyo zaidi nisikose! Vinautuliza moyo, dokta. Tangu nianze, moyo umekuwa kama mtoto aliyenyonya."

Ukutani, nje ya chumba, Dokta Esther alimweleza Eufrasia kwa maneno ya kawaida. Dawa yenyewe si sumu. Inaokoa watu. Moyo unaokwenda kombo inaunyoosha. Lakini kuna watu inaingia mapafuni ikakaa, ikaanza kuyakausha polepole, mwezi kwa mwezi, na mgonjwa anaona moyo umepona kumbe pumzi ndiyo inayoliwa. Ndiyo maana mtu akipewa lazima apigwe picha, apimwe, aulizwe kila mara kama anakohoa. Ikikaa mwilini sana, jua likipiga uso, uso unageuka buluu. Taa zinavaa pete.

"Chande mwenyewe ilimuua?"

"Cheti kiliandika moyo. Nadhani moyo ulisingiziwa."

"Na Shadia?"

"Leo anaacha, naanza kumpa dawa ya kutuliza mapafu, na moyo wake tutautafutia njia nyingine. Ana nafasi. Angekaa mwezi mwingine, nisingesema hivyo."

Eufrasia aliangalia saa. Saa nane na robo. "Chukua koti lako, dokta. Na kile kipande cha bati."

Ujiji walikuta kibaraza cha Bi Saumu kina watu kabla hata adhana ya alasiri haijaita. Wanaume kama ishirini, wa msikitini na wa kanisani, maana hofu haina dhehebu. Mbele yao alisimama Bonifasi, mzee mrefu mwenye shamba la kahawa Kalinzi. Alikuwa ameteremka juzi kwa ajili ya jambo hili, baada ya kukaa huko juu tangu amzike dada yake Yunisi. Alikuwa amevaa mikono mirefu na kofia ya pama iliyoshuka mpaka kwenye nyusi.

"Afande, leo hatusikilizi hadithi," alisema. "Dada yangu amekwenda. Huyu mama akihama, na mume wake atamfuata. Akibaki, atatumaliza mmoja mmoja."

"Atawamaliza nani, mzee?"

"Sisi. Tuliopokea."

Eufrasia alimsalimu kwa Kiha, kwa heshima, akapita.

Ndani, Bi Saumu alikuwa ameketi kitandani, mgongo umenyooka, mikono mapajani. Hakuwa amefunga hata kifurushi kimoja. Juu ya meza kulikuwa na vikombe viwili vya chai. Kimoja mbele ya kiti kisicho na mtu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Kile si chenu, nyie ntawatilia vingine. Kile ni cha mwenyewe. Nikiacha kumtilia nasikia anakohoa."

Dokta Esther, aliyekuwa anakaribia kukaa kwenye kile kiti, akabaki wima.

Eufrasia aliweka kipande cha bati mezani. Bi Saumu akakiangalia kama mtu anavyoangalia barua yake mikononi mwa mwingine.

"Shadia amevunja siri," akasema.

"Nimemvunja mimi. Vilitoka wapi?"

"Kwa mwanetu, Maskati. Alileta katoni nzima, eti baba asipungukiwe mpaka uzee uchoke. Uzee haukuchoka, akachoka mzee." Akakigusa kwa kidole. "Kitu kilichomwekea mume wangu moyo miaka yote, nikitupe jalalani? Nikasema, wapo watu wema, mioyo inawasumbua, hawana pa kukipata. Koti ni la kuonekana. Hii ndiyo sadaka hasa. Niliwapa kwa siri, kila mtu fungu lake."

"Na watu wanakuita mchawi mwezi wa tatu huu, hukusema?"

"Niseme, nipoteze thawabu yake? Bora niitwe mchawi."

Eufrasia alimtazama Dokta Esther. Ilikuwa zamu ya daktari, na daktari alieleza, kwa upole, bila kupindisha. Bi Saumu alisikiliza mpaka mwisho. Hakulia. Ila ule mgongo ulionyooka ulianza kuinama, kidogo kidogo, kama mshumaa ulioachwa juani.

"Ashraf," akasema.

"Ndiyo, bibi."

"Na Yunisi."

"Ndiyo."

"Mafungu yalikuwa mangapi, bibi?" Eufrasia aliuliza.

"Manne."

 Wawili kaburini, mmoja wodini. Eufrasia alishika kalamu. "Wa nne nani?"

Bi Saumu alifungua mdomo. Na kabla hajatamka, nje kibarazani, katikati ya sauti za wanaume, mtu alikohoa. Kikavu. Mara mbili. Halafu mluzi.

Mkono wa Bi Saumu uliruka kwenye kikombe cha mumewe, ukakishika kisimwagike. Kibarazani watu walikuwa wameanza kurudi nyuma, mmoja anasoma dua kwa sauti, mwingine anapiga ishara ya msalaba. "Yuko dirishani! Amekuja dirishani!"

"Hayuko dirishani," alisema Eufrasia. Alikuwa amesimama mlangoni, na macho yake yalikuwa kwa mtu mmoja ambaye hakurudi nyuma. Mtu anayeogopa kikohozi hukikimbia. Yule alikuwa ameziba mdomo kwa mkono, na mabega yanapanda na kushuka.

"Mzee Bonifasi. Vua kofia."

"Ni mafua ya Kalinzi. Huko juu baridi."

"Vua, mzee wangu."

Hakuvua. Afande Gasper alikuwa ndiyo kwanza anashuka kwenye gari na askari wawili, pingu zinamning'inia kiunoni, akasimama palepale, maana Bi Saumu alikuwa ametoka nje.

Alipita katikati ya wale wanaume ishirini, na wote walimpisha kama maji. Alisimama mbele ya Bonifasi, akanyanyua kofia ile kwa mikono miwili, taratibu, kama anavyovuliwa mtoto aliyelala. Chini yake palikuwa na uso wa Chande. Si sura, rangi. Pua, mashavu, mpaka kwenye masikio, risasi tupu.

"Nilijua ananifuata," alisema Bonifasi, na ile sauti kubwa ya kibarazani ilikuwa imekwisha. "Ashraf, Yunisi, kisha Shadia. Nikajua aliyebaki ni mimi. Ndiyo nikasema uondoke, shemeji. Nisamehe. Nilitaka kuishi."

Bi Saumu akanyoosha kiganja.

"Nirudishie."

Watu waliguna. Kitu cha marehemu hakirudishwi, wala hakidaiwi. Hata wazee wa kibarazani hawakuwahi kuliona hilo. Bonifasi alitia mkono mfukoni, akautoa mtupu, akautia tena.

"Na moyo wangu? Bila hivi utanikimbia."

"Moyo wako nitaushika mimi," alisema Dokta Esther. "Lakini twende sasa hivi."

Alitoa. Bati mbili, na nusu ya tatu. Bi Saumu alizifumbata, na Afande Gasper, ambaye hakuelewa kitu ila alikuwa na gari lenye injini inayonguruma, akaambiwa na sajenti wake afungue mlango wa nyuma. Gari lililokuja kumchukua mjane likamchukua Bonifasi na daktari wake. Adhana ikaita. Wanaume wakatawanyika kila mmoja na upande wake, haraka, kama watu waliokumbuka shughuli nyumbani.

Eufrasia alibaki kibarazani na daftari.

"Nitaandika vizuri, bibi," alisema. "Si uchawi, si mauaji. Nitaisoma mwenyewe mbele ya mtaa. Nyumba ni yako. Hakuna atakayekuhamisha."

Bi Saumu alikaa kwenye ngazi, vidonge vimefumbatwa, anaangalia upande wa ziwa.

"Ungekuwa uchawi, mwanangu, ningehama," alisema. "Ningekwenda kwa ndugu zangu Kasulu, nikauacha hapa. Hili la mkono wangu mwenyewe nihamie wapi nalo?"